Jeneza la Msimu wa Ishirini na Nne

Darlene Vukovich alifukuzwa kazi na katuni, na sikuzidishii chumvi. Misimu ishirini na minne alikagua rangi za kipindi chetu cha katuni hapa Burbank, kile cha meya mwizi na mkewe mlevi, na meza zetu zilikaribiana kiasi cha kuibiana karanga. Pua ya mke wa meya iwe nyekundu kiasi gani kwenye chupa ya tatu, alijua yeye. Sisi wengine tulibahatisha.

Tuna desturi yetu ya kipuuzi. Ukiajiriwa, unachorwa na kutupwa kwenye umati, kanisani au uwanjani, na hapo unakaa bila kusema neno. Ukiacha kazi, tunakuua humo humo kwenye katuni. Mwenzetu mmoja alimezwa na mamba, na mwenyewe alipoiona akalia kwa furaha. Darlene alikuwa yule mwenye sweta la kijani na skafu ndefu, benchi la tatu kanisani.

Jumatatu moja, picha za kipindi cha mwisho cha msimu zilirudi kutoka Seoul, Korea, wanakotuchorea, ili azikague. Mazishi, jeneza wazi, na ndani yake sweta la kijani.

"Hebu njoo uone," akaniita. "Nimekufa."

"Labda wamekosea."

"Wakorea wanachora walichoagizwa. Na angalia walivyoninenepesha, washenzi."

Aliyeagiza ni bosi wetu, Trent Halloway. Huyo humtukana rais kila wiki kwenye televisheni, lakini mfanyakazi akitoa chozi, yeye anakimbilia chooni. Nikamwambia Darlene aende akampasulie ukweli.

"Aa, siendi. Kazi ikiisha, imeisha. Ila aniambie kwa mdomo wake. Nimempakia rangi matako ya meya wake miaka yote hii, leo hawezi kunitazama usoni?"

Akamsubiri siku tatu. Trent akaanza kupita mlango wa nyuma. Walipokutana kwenye mashine ya kahawa alimsifia sweta, akatoweka. Nilimchukia mpaka viatu vyake.

Alhamisi Darlene alikaa kwenye kompyuta na kufanya jambo dogo. Hakugusa mstari hata mmoja. Watu wetu wote wana pua moja na macho yaleyale. Kinachowatofautisha ni rangi. Sweta akalipaka bluu ya koti la Trent, nywele akazipa wekundu wa nywele za Trent, na skafu ile rangi ya chungwa ya tai anayoivaa kila siku ya Mungu.

Ijumaa tulikusanyika kukitazama kipindi pamoja na wakubwa wa kituo cha televisheni. Jeneza lilipotokea, wakubwa wakaangaliana. Mama mmoja wa kituo, Bi Whitlock, akamgeukia bosi.

"Trent, unaondoka na hujatuambia? Nani amekuchukua?"

"Siondoki."

"Uko kwenye jeneza, Trent. Desturi yenu tunaijua."

"Siyo mimi. Anayeondoka ni Darlene."

Vichwa vyote vikageuka nyuma. Darlene alikuwa amekaa na mkoba mapajani.

"Kuanzia lini?" akauliza.

Trent akamtazama, safari hii hakuwa na pa kukimbilia. "Ijumaa ijayo. Samahani, Darlene. Nilipaswa kukuambia."

"Sasa umeniambia."

Akainuka, akarudi mezani kwake. Nilimfuata. Alikuwa ameshafungua picha ya jeneza, anajirudishia kijani chake, taratibu, bila kutazama namba ya rangi.