Waliokuja Kusafisha Mabomba ya Hewa

Mama mkwe wangu alipokuja kutoka Morogoro kukaa nasi Wembley, London, wiki ya tatu alianza kukohoa. Kikohozi kikavu cha kukwaruza koo, bila makohozi wala homa. Alikuwa akikaa kwenye kiti cha dirishani, amejifunga khanga mbili juu ya sweta, na kila akimaliza kukohoa anaangalia dari, penye kitundu cheupe cha hewa.

"Kile kidude kinanipulizia vumbi," ananiambia.

Tunapanga kwenye jengo jipya ambalo madirisha yake hayafunguki zaidi ya upana wa kiganja. Hewa inaletwa na mashine iliyofichwa kwenye kabati la koridoni, inapita kwenye mabomba juu ya dari na kutokea kwenye matundu sita. Nilikuwa nimeishi humo miaka minne bila kuyafikiria. Siku nilipopanda kiti na kupitisha kidole pembeni mwa tundu la sebuleni, kidole kilitoka cheusi kama nimechokoa jiko la mkaa. Nikaona aibu. Kazi yangu ni kuhudumia wazee majumbani mwao, nafuta vumbi la watu kila siku, na mzee wangu mwenyewe anavuta uchafu.

Wiki hiyohiyo likaingia tangazo kwenye kundi la simu la wanawake wa kanisani. Kusafisha mabomba ya hewa, nyumba nzima, kwa bei isiyofikia hata ya viatu vya shule vya binti yangu. Hakuna anwani, hakuna jina la kampuni. Namba ya simu tu na picha ya familia inayotabasamu. Nikapiga. Sikuuliza kitu zaidi ya "Mnaweza kuja lini?" Mpaka leo nikikumbuka nauma meno.

Walikuja Jumamosi asubuhi, wanaume wawili wa makamo. Mashine yao ilikuwa ya kufyonza vumbi, ya kawaida kabisa, kama ninayoisukuma kazini, ila wameibandika stika. Mmoja akafungua vifuniko vyote sita na kuvipanga sakafuni. Mwenzake akaingiza simu kwenye tundu la sebuleni, akaitoa, akanionyesha picha: ukungu mweusi, mzito kama manyoya ya paka. Akanitumia na mimi, eti niwe na ushahidi.

"Huyo mama anayekohoa ni mama yako?" akaniuliza kwa Kiingereza. Alikuwa amemsikia tangu mlangoni. "Basi hiki ndicho kinachomuumiza."

Hapo ndipo akanitajia bei. Ile ya kwenye tangazo ilikuwa ya tundu moja tu, bila dawa ya ukungu. Matundu sita pamoja na dawa ilikuwa karibu kodi yangu ya nusu mwezi.

"Tangazo lilisema nyumba nzima," nikasema.

"Lilisema bei inaanzia hapo. Ukitaka tuache, tunaacha. Ila vifuniko hatuvirudishi bure, na ukungu tumeshautikisa."

Mama mkwe hajui Kiingereza, lakini uso wa mtu anayebanwa anaujua. "Mwanangu, wanasemaje?" Nikamweleza. Akashika khanga yake vizuri. "Walipe waondoke. Sitaki kuwa sababu ya ugomvi humu ndani."

Nikalipa kwa simu. Nilijua kabisa kwamba ninaibiwa, nimesimama katikati ya sebule yangu mwenyewe mchana kweupe, na vidole vikaendelea kubonyeza. Mashine ikanguruma kama dakika ishirini, wakapuliza kitu chenye harufu ya limau, wakaenda zao. Hata risiti hawakuacha.

Jumatatu mama mkwe alikuwa bado anakohoa, tena sasa kwa harufu ya limau.

Ghorofa ya chini anaishi mzee wa Kihindi, mzaliwa wa Kisumu, fundi umeme mstaafu. Huwa anapanda kunywa chai na mama mkwe kwa sababu anapenda kusema Kiswahili. Nikamsimulia. Akaweka kikombe chini.

"Kabati walifungua?"

"Kabati gani?"

"Ya mashine, mama! Hiyo ndiyo roho ya kila kitu."

Akaenda koridoni, akafungua, akavuta machujio mawili. Vumbi lilikuwa limejaa juu yake kama blanketi kuukuu. Hakuna mkono uliokuwa umeyagusa tangu jengo lijengwe. Kisha akaomba kuona ile picha, akaivuta iwe kubwa, akavua miwani, akaivaa tena.

"Hii bomba ya bati, tena ya duara. Yako ni plastiki, bapa. Hii picha si ya hapa, mama. Pengine hata si ya London."

Nikapiga ile namba. Haipatikani. Benki wakaniuliza kama nilituma pesa mwenyewe. Nikasema ndiyo, na sauti ya kijana aliyepokea simu ikabadilika kama anayefunga faili. Dada aliyeleta tangazo kundini akasema na yeye alitumiwa tu, hata hawajui. Wenye jengo ndio walionimaliza. Walisema kuhudumia mashine ile ni kazi yao, bure, imeandikwa kwenye mkataba. Nilichotakiwa ni kuomba. Niliomba. Akaja mama mmoja mwenye kitambulisho shingoni, akabadilisha machujio, akaingiza kamera yenye waya mrefu kwenye bomba huku nikitazama mwenyewe kwenye kioo. Vumbi kidogo. Ukungu hakuna.

Kikohozi je? Nilimpeleka mama mkwe kwa daktari, akauliza anatumia dawa gani ya presha. Alipoambiwa, akatikisa kichwa na kusema ile huwakohoza baadhi ya watu, akambadilishia. Baada ya wiki chache kikaisha. Mabomba hayakuhusika hata kidogo! Siku ile aliyobadilishiwa dawa, nilikaa kwenye basi kutoka kwa daktari nikiwa na furaha na hasira kwa pamoja, sikujua nianze na ipi.

Majuzi nilikuwa Tottenham kwa rafiki yangu Mkongomani tunayefanya naye kazi. Akanionyesha tangazo kwenye simu yake: familia ileile, namba tofauti. Nikamwomba nipige mimi.

"Bei ni ya matundu yote?" nikamuuliza aliyepokea. "Unaweza kuniandikia kabla hujaja? Ofisi yenu iko wapi? Utaingiza kamera mbele ya macho yangu, kabla na baada?"

Simu ikakatwa.

Rafiki yangu akaninyang'anya simu yake. "Umemukasirisha muntu bure," akasema. "Sasa nani atakuja kunisafishia kwa bei ile?"

Nikamwambia atafute kwanza mkataba wake wa nyumba. Akasema hajui aliuweka wapi. Tukaanza kupekua makabati.