Fatiha Tuliyomsomea Sajenti

Andika kama ninavyosema, mjukuu wangu, wala usilainishe neno. Umeniuliza kwa nini mlango wa jiko langu una matundu ya misumari yasiyo na kazi. Mbao hizo zilikuwa mashua.

Marehemu babu yako alipotoka jeshini alichongesha mashua kule Rhino Camp, kwenye mto Nile, ingawa sisi tuliishi hapa Awindiri. Ilivusha watu, muhogo, mbuzi na samaki wakavu. Alipofariki niliirithi mimi, na watoto wangu walikula kutokana na mashua hiyo. Hapakuwa na kitu kingine.

Wenye vyombo tulikuwa na chama. Wengi wetu tulikuwa Waislamu wa Arua na Koboko, watoto na wajane wa askari. Kazi ya chama ilikuwa kuhakikisha serikali haitukuti mmoja mmoja, kwa maana aliyekwenda peke yake kwa afisa wa vyombo vya majini alirudi na karipio. Kila mtu alileta lalamiko lake barazani, tukabishana mpaka yakabaki maneno machache, kisha tukamchagua mmoja wa kuyapeleka. Tulimsomea Fatiha, na baada ya Fatiha hakuna mwingine aliyeruhusiwa kufungua kinywa mbele ya afisa. Kwa njia hiyo tuliwahi kupata ruhusa ya kushusha mizigo siku ya gulio, na tuliwahi kuondolewa mkaguzi aliyefungia vyombo kwa hasira zake tu.

Kisha wanajeshi wakashika nchi, na afisa naye akawa mtu wa sare. Mashua moja ilipozama kwa dhoruba, alitangaza kwamba anakusudia kupiga marufuku kila chombo cha mbao kisicho na injini. Hata hivyo alikubali kutusikiliza kwanza.

Tulikutana Awindiri, nyumbani kwa mwenyekiti wetu, mzee muuza samaki.

"Mutu wa kusema na serikali hii ni askari," alisema. "Sisi raia tukikohoa tu, iko kosa."

Akamwonyesha sajenti mstaafu wa Koboko, mmoja wa wachache wetu waliokuwa na injini.

Nikasema kutoka upande wa wanawake, "Amri hii haimgusi yeye. Atatuteteaje?"

"Mama, wewe unaogopa hata kivuli cha sajenti," mwenyekiti akanijibu, na wanaume wakacheka.

"Kivuli chake sikiogopi. Naogopa viatu vyake. Vimezoea kugongana."

Sajenti hakukasirika. "Dada, maneno ni yenu, mimi ni mdomo tu. Nitasema: tukaguliwe, tusifungiwe."

Maneno hayo yalikuwa mazuri. Tukasoma Fatiha.

Ofisini tulisimama nyuma yake, ukutani. Afisa alikuwa kijana ambaye sajenti angeweza kumzaa, lakini alikuwa na nyota begani. Sajenti alipoiona nyota, mgongo wake ulinyooka wenyewe.

"Mmeleta nini?"

"Tumekuja kuhusu vyombo vya mbao, afande."

"Vile vinavyozamisha watu?"

"Ndiyo, afande."

"Wewe mwenyewe unaona vinafaa kuendelea?"

Hapo ndipo maneno yetu yalipotakiwa.

"Kama afande anavyoona."

"Basi mmekubali."

"Ndiyo, afande."

Visigino vikagongana. Nilimtazama mwenyekiti, yeye alitazama sakafu. Sote tulikuwa tumefungwa na dua tuliyoisoma wenyewe, na mashua yangu ikafa mbele ya macho yangu huku nikiwa nimefumba mdomo kwa heshima.

Nje, wengine walisema sajenti alituuza. Mimi sikusema hivyo. Anayeuza hujua anachokitoa. Yeye alikutana na mkubwa wake, akaitikia, kama alivyofundishwa tangu ujana, na sisi tulimtuma kwa sababu hiyo hiyo, tukidhani ni sifa. Hata leo hilo linanichoma kuliko kuuzwa.

Mashua ilivutwa nchi kavu. Wapiga kasia walikwenda kutafuta kazi kwingine, nami nikaenda Kuluba kulima muhogo katika shamba la kaka yangu. Mama yako alitolewa shule pale Mvara. Ulimi wake mkali unaoulalamikia ulianza mwaka huo.

Miaka ilipita, petroli ikaadimika. Injini zikanyamaza mtoni, na watu wakakaa ng'ambo na mizigo yao ikioza. Siku moja, nami nimekwisha kurudi kutoka Kuluba, sajenti alikuja hapa, amekonda, akasimama mlangoni pa jiko.

"Dada, kuku wanatagia juu ya injini yangu. Turudi kwa afisa, tuombe vyombo vya mbao virudishwe. Safari hii nitasema yote."

"Chombo gani cha mbao?"

"Si chako? Nasikia kilikuwa kizima. Kiko wapi?"

"Umekiegemea."

Aliondoa mkono wake kwenye mlango, akaupangusa kwenye kanzu.

"Wako wengine ambao vyombo vyao vipo," akasema. "Tukutane Ijumaa. Tusome Fatiha, halafu niende."

"Nenda kwanza," nikamwambia. "Useme. Nikishasikia ulichokisema, nitaisoma."

Nilimpa maji, akanywa. Aliporudisha kikombe alisimama wima mbele yangu, visigino pamoja, kisha akarudi Koboko. Kwa afisa hakwenda, na Fatiha yangu sijaisoma.