Fundi Jicho na Lori la Mkewe

Gereji nzima inamwita Fundi Jicho, na usidhani ni kwa sababu anaona vizuri. Vitu vya karibu havioni. Miwani anayo, imo kabatini, kuivaa hataki katakata. Jina limetokana na kazi. Huyu bwana anapuliza rangi magari tangu enzi ana nywele, na hajawahi kupima rangi wala thina ya kuifanya nyepesi. Anamimina, anakoroga kwa kijiti, anakiinua, anatazama rangi inavyoshuka, basi. "Imekubali," anasema, na kweli inakuwa imekubali. Ukimletea kikombe cha vipimo anakutazama kama umemtukana.

Sasa, mkewe ni dereva wa lori. Lile lori la bluu lenye mstari mwekundu mlangoni ameliendesha miaka na miaka, analijua mpaka kikohozi chake. Kampuni ikaamua kuliuza, yeye akapangiwa kazi ya ofisini. Mama wa watu hakulalamika. Alianza tu kunyamaza mezani, na mwanamke yule akinyamaza ujue anaumwa. Fundi Jicho roho ikamuuma. Akaenda duka la vitu vya kuunganisha, akarudi na boksi la lori dogo la plastiki, vipande vitupu. Alitaka siku mkewe akitoka kukabidhi funguo, alikute mezani, na bluu yake ileile.

Kuunganisha hakukumsumbua. Kilichomtoa jasho ni rangi, tena rangi ndiyo kazi yake! Alichanganya ya gereji kwa jicho, na thina ya magari, akapuliza. Madigadi ikalegea, ikajikunja mbele ya uso wake. Lahaula! Thina ya bati imekula plastiki. Akarudi dukani kichwa chini kuomba madigadi nyingine. Mwenye duka, dada mmoja mcheshi, alicheka mpaka akashikilia kaunta, kisha akampa rangi ya plastiki na thina yake.

"Changanya mpaka iwe nyepesi kama maziwa," akamwambia. "Kama maziwa, mzee wangu, usizidishe."

Hilo likampendeza, maana ni la kutazama tu. Siku ya funguo ilipofika, mkewe alipotoka, akafungua friji, akadondosha tone la maziwa kwenye kipande cha kioo, na tone la rangi kando yake, akakiinamisha. Akaongeza thina, akaongeza tena, mpaka matone yote mawili yakashuka pamoja. "Imekubali!" Akajaribu kwanza kwenye kijiko cha plastiki. Rangi ikatiririka yote, ikakiacha kijiko na michirizi. Akapunguza upepo wa pampu, michirizi. Akasogea nyuma, michirizi. Akailaumu rangi, akamlaumu dada wa dukani, akakilaumu hata kijiko.

Mama mkwe wake, anayeishi nao na ndiye mwenye amri ya jikoni, alikuwa amesimama mlangoni na kikombe cha chai.

"Kwani unatafuta nini, baba?"

"Wepesi wa maziwa, mama. Nimevilinganisha kabisa, lakini rangi imekuwa maji matupu."

Bibi akageukia dirisha, akakohoa. Fundi Jicho akaitazama friji, akamtazama bibi, akaitazama friji tena.

"Mama... haya maziwa..."

"Nayaongezea kidogo," bibi akasema upesi. "Kidogo tu! Asubuhi nakunywa bilauri yangu kabla hamjaamka. Sasa chupa isionekane imepungua, natia maji."

"Kiasi gani?"

"Nitajuaje? Natia kwa jicho."

Fundi Jicho akaangua kicheko mpaka akakaa sakafuni. Bibi naye akashindwa kujizuia, chai ikamwagika. Walicheka mpaka mbavu zikauma, halafu wakatazama saa, kicheko kikakatika.

Ikabidi apime. Bibi akaleta bomba la plastiki la kunyweshea watoto dawa, lenye mistari ya vipimo, akaleta na miwani. "Vaa!" Akavaa. Rangi sehemu mbili, thina sehemu moja, kama ilivyoandikwa kwenye kopo, mstari kwa mstari, bibi akimsimamia kama askari. Kijiko kikashika rangi vizuri mno, laini, bila hata mchirizi mmoja. Akalipuliza lori tabaka jembamba, likakauka, akaweka la pili. Mstari mwekundu akauchora kwa brashi, ulimi umemtoka nje.

Mkewe aliingia jioni na mto wa kiti chake cha udereva kwapani, amenyamaza vilevile. Akaliona lori. Akainama mpaka pua ikakaribia kugusa mlango. Fundi Jicho moyo ulikuwa unamdunda kama ndiye anayechumbia upya.

"Ndiyo hii," mkewe akasema polepole. "Bluu yangu ndiyo hii."

Akalishika, akaanza kulirudisha nyuma kati ya chupa ya chai na bakuli la sukari. Fundi Jicho akakimbilia upande wa pili wa meza, akapunga mikono kama utingo: "Njoo! Njoo! Kata kushoto! Mama, ondoa kikombe, utagongwa!" Bibi akakinyakua kikombe. Lori likaingia katikati bila kugusa kitu.

"Hapohapo! Umepaki, mke wangu. Haya, shuka tule."

Machozi yalikuwa yanamtiririka mkewe, na huku anacheka.

"Nani ashuke?" akasema. "Nipakieni sukari hapo nyuma, nina safari."