Fundi wa gia asiyenusa, na mkewe anayemnusia

Bati la kibanda bado ni la baridi. Fundi anawasha gari la kwanza la siku na kuliacha lingurume. Anakanyaga breki, anasogeza mkono wa gia nyuma, kati, mbele, kila mahali anangoja kidogo asikie kama giaboksi inashika au inajivuta. Kisha anafungua boneti, anachomoa kijiti cha kupimia mafuta ya giaboksi, anakifuta, anakirudisha, anakichomoa tena. Tone jekundu linaning'inia nchani.

Fundi mwingine hapo angekipeleka puani. Yeye anakipeleka pembeni, kwa mwanamke aliyekalia ndoo iliyofudikizwa.

Mwanamke ananusa. Anafumba macho, ananusa tena.

"Yamechoka, hayajaungua," anasema. "Mwaga, weka mapya. Na mwenye gari mwambie aache kuvuta trela."

"Trela nalo umelinusa?"

"Nimeliona. Ndoano si ile pale nyuma?"

Mwanamke huyo ni mke wa fundi. Yadi nzima inamwita Pua. Mumewe wanamwita Fundi Oto, kwa sababu hashiki kitu kingine ila giaboksi za oto, zile zinazobadili gia zenyewe. Miezi michache tu iliyopita mwanamke huyu hakuruhusiwa hata kuvuka kamba ya yadi, na mumewe alikuwa karibu kufukuzwa ndani yake.

Ilianza na wali.

"Niliunguza wali siku hiyo, umeungua hasa, jirani akaja kuuliza kama kuna moto," anasimulia Pua. "Huyu bwana akala, akanishukuru, akaongeza. Nikamtazama. Mtu aliyekuwa ananung'unika hata nikizidisha kitunguu! Nikamwambia, baba watoto, wewe hunusi."

Fundi alikuwa amelificha jambo hilo kwa muda. Daktari wa zahanati alimwambia hakuna cha ajabu: miaka yote hiyo ameosha vyuma kwa petroli na thina, uso juu ya karai, bila kitu puani wala mdomoni. Pua imekufa, na huenda isirudi.

Hakuna aliyemlipa fidia ya pua hiyo. Mafundi wote hapa wanaosha vyuma hivyohivyo. Wauza thina wanajua, kamati ya yadi inajua, wenye magari wanajua na wanasimama mbali na lile karai. Barakoa haijaletwa hata moja. Kilicholetwa ni bango la "Usalama Kwanza", na gharama ya bango walichangishwa mafundi.

Si mara ya kwanza. Mafundi hawa walipoondolewa kando ya barabara kuu, waliahidiwa maji, choo na paa. Siku waliyohamia mvua ilinyesha juu ya injini zilizokuwa wazi, na waliokimbia na maturubai kuzifunika ni wanawake waliokuwa wakiuza chai. Choo mafundi walikuja kujijengea. Maji bado yanaahidiwa. Na wale wanawake? Uzio wa kamba ulipofungwa, wao ndio waliokuwa wa kwanza kuambiwa wakae nje: ndani ni kwa wenye kitambulisho cha fundi.

Kwa fundi wa gia oto, pua si pambo. Mafuta ya giaboksi hizi hayalainishi tu, ndiyo yanayosukuma gari. Ndani kuna pleti zinazobanana, na zikianza kuteleza zinaungua, na mafuta yananuka kama chungu kilichosahauliwa jikoni. Yakiwa yameungua, giaboksi ishushwe. Yakiwa hayajaungua, mara nyingi tatizo liko kwingine na kuishusha ni kumchinja mwenye gari.

"Rangi inadanganya," anasema Fundi Oto. "Mimi ilinidanganya."

Ilikuwa teksi. Alitazama mafuta, akaona mekundu, akamruhusu dereva aondoke. Kumbe kuna mtu alikuwa ameongeza mafuta mapya juu ya yaliyoungua. Teksi ilikata tamaa katikati ya mlima, abiria ndani, malori nyuma yanapiga honi. Mwenye pua angejua kabla dereva hajafunga mlango.

Habari ilizunguka yadi kabla ya chakula cha mchana. Aliyeizungusha zaidi ni fundi wa kibanda cha pili, bwana mkubwa wa tumbo na sauti, ambaye wenzake wanamwita Shusha. Jina lilimpata kwa sababu gari lolote likija, hata kama limekuja kuuliza njia, yeye husema, "Shusha giaboksi tuone."

"Fundi asiyenusa ni dereva asiyeona," Shusha aliiambia kamati. Kamati ikakubali. Fundi Oto akaitwa, akaambiwa wazi: akosee tena gari moja tu, kibanda anapewa mwingine.

Kibanda chenyewe ni bati juu, nguzo, meza ya chuma na shimo la kuingilia chini ya gari. Lakini ndicho kinachowasomesha watoto wake na kulipa pango la vyumba viwili. Na fundi wa umri wake akitoka yadi, haanzi upya. Anakuwa mlinzi wa geti la mtu.

Ndipo likaja basi dogo jeupe.

Basi hilo hupeleka shule watoto wasioweza kutembea. Viti vya nyuma vimeng'olewa ili viti vya magurudumu viingie. Dereva wake, mzee mwembamba ambaye watoto wote humwita Mjomba, alilileta likitetemeka kila linapobadili gia, na uso wake ukiwa umekunjamana zaidi ya shati lake.

"Giaboksi hii ni mpya kwangu," alisema. "Nimefungiwa juzijuzi tu, hapahapa yadini. Ya kwanza ilikufa hivihivi."

"Nani alikufungia?"

Mjomba akaonyesha kwa kidevu. Shusha alikuwa anakuja, akijifuta mikono.

"Mtumba ni bahati," Shusha alisema. "Hiyo ilikuwa mbovu tangu bandarini. Shusha, tutafute nyingine."

"Nitafute kwa pesa gani, fundi? Niuze basi ninunue giaboksi, halafu nifunge giaboksi kwenye nini?" Mjomba aliuliza. "Wale watoto watabaki nyumbani. Hakuna gari jingine litakalowachukua."

Fundi Oto aliwasha, akapima, akachomoa kijiti. Rangi ilikuwa nyekundu, imepauka kidogo, kama jua lilikuwa limeipiga. Pleti zimeungua au hazijaungua? Hakujua. Shusha alikuwa amesimama nyuma yake na nusu ya kamati, na wote walijua kwamba hajui.

"Niliona anakigeuzageuza kijiti tu," anakumbuka Mjomba. "Nikasema moyoni, leo tumekwisha, mimi na yeye."

Fundi akakifuta kijiti, akakirudisha mahali pake, akatembea hadi kwenye kamba. Mkewe alikuwa upande wa pili. Alikuwa amemletea chakula, kama kila siku, na kama kila siku alikuwa amesimamishwa hapo.

"Njoo uninusie," akamwambia.

Hapa inafaa kueleza jambo ambalo kamati haikuwa na habari nalo. Tangu walipooana, ovaroli zote za fundi huyu zimefuliwa na mikono ya mwanamke huyu. Beseni baada ya beseni. Jioni mume akivua nguo, mke alikuwa anasema, "Leo umefungua iliyoungua," au "Leo umemwaga mapya, kuna mtu amekupa kazi nzuri," na hakosei. Mume alikuwa anacheka. Kujua kwa namna hiyo hakuna cheti, wala hakuna kamati iliyowahi kusema huo ni ufundi. Kuliitwa kufua.

"Mama, hapa hatuingii na vyombo vya chakula," Mwenyekiti wa kamati alianza.

"Basi vishike," akamjibu, akampa.

Mwenyekiti akabaki na bakuli mikononi. Watu wakaanza kucheka, na katika kicheko hicho mwanamke akavuka kamba. Fundi akachomoa kijiti tena, akampa.

Akanusa. Akanusa tena, karibu zaidi, mpaka tone likamgusa juu ya mdomo.

"Hayajaungua," alisema. "Ila ni matamu."

"Matamu!" Shusha akapiga makofi. "Jamani, mleteeni mkate achovye!"

"Shemeji, subiri," alisema Pua bila kumtazama. "Baba watoto, unakumbuka siku uliyorudi umelowa kifua kizima, nikakuuliza umemwagikiwa juisi gani? Harufu ilikataa kutoka, nikafua mara mbili. Ilikuwa nini ile?"

Fundi Oto anasema aliikumbuka siku hiyo.

"Ilikuwa dawa ya rejeta," anaeleza. "Maji ya rangi ya kupoza injini. Yana utamu wake, mtu mwenye pua hawezi kuusahau. Nikaelewa papo hapo."

Kwenye magari mengi ya oto, mafuta ya giaboksi hupita kwenye bomba lililo ndani ya rejeta ili yapoe. Bomba likitoboka, maji ya rejeta yanaingia kwenye mafuta. Hapo giaboksi inaanza kufa polepole, na ukiweka nyingine bila kugusa rejeta, nayo inakufa. Shusha alibadili giaboksi ya basi lile. Rejeta aliiacha ileile.

"Maneno tu," alisema Shusha, ila sauti ilikuwa imeshuka.

Fundi Oto hakubishana. Alimwendea muuza chai aliyekuwa nje ya kamba, akaazima jiko lenye makaa, akaweka juu yake kipande cha bati. Bati lilipopata moto, alidondosha tone la mafuta mapya kutoka kwenye kopo. Likatoa moshi, kimya. Akadondosha tone la mafuta ya basi.

Likalia. Pwa! Likaruka, likalia tena, kama mahindi kwenye sufuria.

"Mafuta matupu hayalii," alisema Fundi Oto. "Kinacholia ni maji."

Mwenyekiti, bakuli bado mikononi, aliomba tone jingine lidondoshwe. Nalo likalia. Walifungua mabomba ya mafuta kwenye rejeta, wakapuliza upepo upande mmoja, na kwenye mdomo wa rejeta povu likapanda. Hapo hata waliokuwa wa upande wa Shusha walianza kumtania.

"Shemeji," Pua alimwambia, "wewe hata mlango ukilia nyumbani, unataka kushusha nyumba."

Shusha alicheka, ni lazima isemwe. Alicheka vibaya, lakini alicheka, na alisaidia kufungua rejeta. Rejeta nyingine alitoa yeye, kutoka kwenye gari bovu lililolala nyuma ya kibanda chake, wala hakumtajia Mjomba bei.

Mafuta yalimwagwa na kuwekwa upya, gari likazungushwa, yakamwagwa tena. Giaboksi haitoi mafuta yote kwa mkupuo mmoja, mengine hubaki tumboni mwake, kwa hiyo ilibidi warudie. Kila mara Pua alinusa na kutikisa kichwa: bado. Mpaka akanusa na kusema, "Haya sasa ni mafuta."

Mjomba aliingia, fundi akakaa kando yake, wakaupanda mlima uleule ulioiua teksi. Yadini watu waliacha kazi wakawa wanasikiliza. Walisikia basi likipanda, gia ya kwanza, ya pili, ya tatu, bila kutetemeka, bila kujivuta, mpaka sauti ikapotelea juu.

"Kule juu nilizima injini," anasema Mjomba. "Nikaweka kichwa kwenye usukani. Fundi akaniuliza, Mjomba, unaumwa? Nikamwambia, ndiyo kwanza nimepona."

Watoto walifika shule kesho yake. Basi halijarudi yadini tangu hapo, ila Mjomba anapita na kupiga honi.

Kibanda kilibaki kwa mwenyewe. Mwenyekiti alitangaza hivyo siku ileile, akirudisha bakuli. Kuhusu kumpa mkewe kitambulisho, kamati ilijikuna. Ikasema kitambulisho cha fundi ni cha mtu anayeshika spana. Fundi Oto akauliza: na fundi anayeshika spana bila kujua mafuta yameungua au hayajaungua, yeye tayari mlikuwa mnamfukuza, sivyo? Basi ufundi uko kwenye spana au uko wapi? Kamati ikaahirisha. Ikaahirisha tena. Haikufikiri kwamba wauza chai wangeacha kuipelekea chai, wala kwamba mafundi wenyewe wangeunga mkono wauza chai. Siku ya tatu bila chai, Mwenyekiti alimwambia Pua alete picha ndogo ya pasipoti.

Picha imeshapigwa. Kitambulisho kinasubiriwa, na sisi wa gazeti tutakisubiri pamoja naye, maana ahadi za yadi hii tunazijua kwa majina. Barakoa nazo zimeanza kuonekana: Pua amewashonea mafundi watano wa karibu kwa vitambaa, na Shusha ndiye aliyekuja kuomba ya sita. Hazizuii thina yote. Zinakumbusha tu kwamba kuna mtu alipaswa kuleta zilizo bora.

Fundi Oto bado hanusi. Anasema ameacha kuhuzunika, na usiku analala. Mpango wake ni kuchimba shimo la pili, ili magari mawili yahudumiwe kwa pamoja, na kuandika upya ubao wa kibanda uwe wa watu wawili.

Na mpango wa Pua? Anainuka kwenye ndoo, anajinyoosha mgongo.

"Mimi nataka kiti chenye mgongo. Halafu nataka ovaroli yangu, ya kwangu mwenyewe, yenye mifuko."

"Utapata," anasema mumewe akiwa chini ya gari, miguu tu ndiyo inayoonekana.

"Ninajua nitapata. Nawaambia tu wasomaji wa gazeti wasikie," anasema, akiegemea boneti. "Jumamosi itakuwa na ovaroli mbili za kufua. Na zamu hii mfuaji ni huyo asiyesikia harufu, si mimi. Yeye hata haitamkera."