Alama za Njano

Fundi cherehani hakuwahi kupanda njia ya mlimani, ingawa ilipita nyuma ya jiko lake. Njia yenyewe ni ndefu, watembeaji huimaliza kwa majuma. Kipande cha mumewe kilikuwa kifupi tu, kutoka daraja la mbao hadi juu penye Mlango, na kazi yake ilikuwa kupaka mawe na miti alama za njano, watu wasipotee. Jioni alimsimulia mkewe mambo ya huko kama anayesimulia nyumba: Birika, jiwe linalomwaga maji mdomoni, Kitanda, mti ulioanguka ukaota majani laini kama shuka, na huo Mlango, majabali mawili yaliyosimama bega kwa bega.

Siku moja msimamizi wa njia akaja. Alisema wanaopanda wanazunguka huko bila kuuona Mlango, na hali ikiendelea kipande atapewa mtu mwingine. Mzee akacharuka: alama zote kazipaka kwa mkono wake. Lakini magoti yalishamgomea, hakuweza kwenda kuzionyesha. Akabaki kitini anautazama ukuta.

"Basi nakwenda mimi," mkewe akasema.

"Utapotea kabla ya Birika, mama watoto."

"Nikipotea, utajua msimamizi hakudanganya."

Akabeba kopo la rangi na brashi. Wingu lilikuwa limelala njiani kama pamba iliyochambuliwa, hata hatua zake mwenyewe hakuzisikia. Birika alilisikia kabla ya kuliona. Alama hakuna. Kwenye Kitanda pia hakuna. Mbele njia ikayeyuka, asijue anapanda au anaelea. Akapapasa jabali, akapenya Mlangoni, akageuka.

Ndipo akaziona. Njano jabalini, njano ubavuni mwa mti, njano kule chini wingu lilipopasuka, moja ikimkabidhi kwa nyingine kuelekea jikoni kwake. Mzee huyu! Miaka yote alipanda na kopo mgongoni, akapaka wakati wa kurudi. Kila alama ilimwonyesha mtu njia ya nyumbani, na aliyekuwa akipanda hakuonyeshwa kitu.

Akacheka peke yake mpaka macho yakalowa. Hakuna fundi anayepima mgongo wa mtu akaacha kifua. Akashuka taratibu, akipaka upande wa pili.

Msimamizi alipanda, akarudi, akaacha kopo jipya la rangi kizingitini.

"Si nilikwambia alama zipo," mzee akasema, macho kwenye kucha za mkewe, zilizokuwa bado za njano.

Mkewe akatia uzi sindanoni. "Zipo, baba watoto. Nilizifuata, nikafika."