Kikombe Nilichokimwaga kwa Mdomo

Siku tatu nilikosa usingizi kwa sababu ya mwanamke ambaye hayupo duniani. Anaishi ndani ya televisheni ya Papa mudogo, hapa Mubi, kuanzia saa kumi na moja jioni mpaka betri ichoke. Ana nyumba ya ghorofa, gari jekundu, na mume ambaye kazi yake, kadiri nilivyoelewa baada ya miezi minne, ni kuomba msamaha. Shaka iliyoniweka macho ilikuwa hii: nilikuwa nimemsingizia mwanamke huyo jambo ambalo hakulifanya, na sasa mwanamke wa kweli, mwenye watoto wanne na meza ya mawese kando ya barabara, alitaka kumwiga.

Nina lisansi, yaani shahada, ya mawasiliano. Niliipata Goma. Kazi yangu ya mwisho, kurasa themanini na mbili pamoja na shukrani kwa Mungu, iliuliza kama televisheni inaweza kubadilisha mwenendo wa watu wa vijijini. Nilijibu kwamba haiwezi. Walimu watatu walitikisa vichwa kwa heshima wakanipa distinksyo, alama za juu. Nikaipeleka karatasi kwetu Masisi, baba akaitazama mbele na nyuma, akauliza kama inatoa maziwa. Kisha milimani kukawa hakukaliki, kama inavyotokea, nikateremka mpaka Mubi kwa Papa mudogo, mdogo wake baba, aliyeoa huku zamani na kufungua duka.

Duka lake linauza sabuni na kuchaji simu. Nyuma yake kuna chumba chenye mabenchi sita na televisheni ukutani, inayokula umeme wa jua. Kila kitu kinaingia kwa Kifaransa, na wamama wanaokuja jioni hawana muda na Kifaransa. Kwa hiyo kila chumba cha namna hii kina mtu wa kusimama kando ya kioo na kusema kwa Kiswahili kila kinachosemwa. Aliyekuwepo kabla yangu alikwenda kuchimba madini. Nafasi ikapatikana, na kwa mara ya kwanza diploma yangu ikapata kazi: kusimama kando ya televisheni kama mtu anayesubiri kupigwa picha nayo.

Ukisimama hapo miezi minne huwezi kukosa maoni. Habari za mchana, kwa mfano, huanza na mheshimiwa anayekata utepe. Mheshimiwa mwingine anapiga makofi. Tepe zikiisha, ndipo tunatajwa sisi, kwa pumzi moja. Mara ya mwisho walipozungumzia Masisi walionyesha ng'ombe. Nimekulia nyuma ya ng'ombe. Wale hawakuwa wetu, na nadhani wenyewe walishangaa kujiona Masisi. Baada ya hapo anakuja dada wa hali ya hewa. Anasimama mbele ya ramani, na Walikale yetu nzima iko chini ya kiwiko chake. Hajawahi kukisogeza. Huenda ndiyo sababu mvua hutukuta bila taarifa.

Kuna mpishi anayetia chumvi kwenye kibakuli chake, kitunguu kwenye kibakuli chake, hata maji kwenye kibakuli chake. Mama mmoja aliniuliza nani ataosha. Nilisikiliza Kifaransa kwa makini sana. Hawakusema. Kuna mashindano ya kuimba ambamo vijana wanalia kabla ya kuimba, wanalia baada ya kuimba, kisha sisi tunaombwa tuwapigie kura kwa simu. Hapa mtandao unapatikana ukipanda kilima kilicho nyuma ya kanisa. Ukifika juu, mshindi amekwisha kulia akaenda zake. Na kuna kipindi cha maombi ambacho mchungaji anaamuru mgonjwa aweke mkono juu ya kioo. Mama wa mawese, yule wa watoto wanne, aliuweka moja kwa moja kutoka kazini. Alama ya vidole vyake vya mafuta iko mpaka leo kwenye kona ya kushoto, na Papa mudogo amekataza isifutwe, kwa tahadhari. Ndiyo maana mume wa hadithi ya jioni, akikaa upande huo wa kochi, anaonekana ana homa ya manjano.

Hadithi hiyo tunaiita feyoton, kama tunavyoita hadithi zote za televisheni zisizokwisha. Ndiyo inayojaza mabenchi. Mume anamdanganya mkewe, mke anagundua, mume analia, mke anasamehe, muziki. Kesho yake wanaanza upya kama watu waliopigwa na kitu kichwani.

Sikuanza kusema uongo kwa ubaya. Jioni moja ya mawingu betri ilikata kabla ya mwisho. Wamama hawakunyanyuka.

"Lisansie, maliza," mmoja akasema. Hilo ndilo jina langu hapa, na hawalitamki kwa heshima ninayoitarajia.

"Mama, televizio imekufa."

"Wewe ulikufa? Maliza."

Nikamaliza. Nilisema mke alimfungia mume nje, akamwambia amrudishie kwanza miaka yake kumi. Walipiga makofi, jambo ambalo walimu wangu watatu hawakulifanya. Kesho yake, betri ikiwa nzima, nilimsikia mke akisema kwa Kifaransa, "Ninakusamehe." Nikafungua mdomo, yakatoka maneno mengine. Tangu siku hiyo kulikuwa na hadithi mbili ukutani, moja ya macho na moja ya masikio, nami nilijivunia ile ya masikio.

Jumatano ya wiki niliyokosa usingizi mke alikuwa jikoni anaosha bilauri. Mume akaingia, akaomba msamaha kwa namna yake ya siku zote. Mke akamwaga divai iliyobaki, akasema mvua ni kubwa, basi alale hapa hapa. Nilichoka. Nikakumbuka neno nililolisikia huku mara mbili tatu, nikalitumia kama mtu anavyotia pilipili asiyoijua.

"Anasema: umeona? Nimemwaga kikombe chako. Nenda ukaambie wazee wako."

Mabenchi yakaanza kutetemeka.

"Amekimwaga kweli! Nimeona na macho!"

"Lakini sasa mbona anamukumbatia?" akauliza mama wa benchi la nyuma, mwenye tabia mbaya ya kutazama.

"Anamuaga," nikajibu.

"Na mbona anamupeleka chumbani?"

"Sanduku lake la nguo liko kule."

Walipokuwa wakitoka, mama wa mawese alisimama mlangoni akajifunga kitenge vizuri. Kila mtu Mubi anajua habari zake. Mume wake alikwenda kwenye machimbo miaka miwili iliyopita, akapata huko bibi mwingine, na sasa huyo bibi amemchoka. Mume amewatuma wazee wake kutoka Kibua waje Jumapili baada ya misa kuomba apokelewe.

"Mimi pia," akawaambia wenzake, "Yenga nitafanya kama ule mama." Yenga ni Jumapili. Wenzake wakamshangilia mpaka barabarani.

Asubuhi nilimkuta Papa mudogo akifungua duka.

"Papa mudogo, bibi akimwaga kikombe mbele ya wazee, inakuwa nini?"

"Ah, ninyi wa milimani, munakunywa maziwa tu, njo maana hamujue." Alikuwa anatundika nyaya za simu, hakugeuka. "Huku wazee ya bwana wanaleta kasiksi, pombe ya ndizi. Bibi akikunywa, maneno imeisha. Akimwaga, ndoa imeisha. Mbuzi za mahari zinarudi, watoto wanabaki kwa baba yao."

"Watoto wote?"

"Unafikiri wanagawa kama ndizi?"

Kuanzia hapo nilianza kufikiri, jambo pekee ambalo chuo kilinifundisha kulifanya bila mshahara. Nisipomwambia, atamwaga kikombe kwa sababu mwanamke fulani alikuwa anaosha vyombo, na watoto wanne watapelekwa Kibua. Nikimwambia, atajua kwamba yule mke anasamehe kila siku, naye atamrudia mwanaume aliyemwacha na watoto wakiwa na surua. Je, hilo nalo litakuwa juu yangu? Huenda alikuwa anatania. Huenda alikuwa amekwisha kuamua kabla ya televisheni, nami najipa ukubwa nisio nao. Kurasa themanini na mbili zilikuwa upande huo. Alhamisi niliandika barua, nikakumbuka hajui kusoma. Nikafikiri nimtume mke wa Papa mudogo, nikamwona akicheka na wenzake kisimani. Usiku wa Ijumaa nilifika mpaka kuwaza kwamba kosa ni la waliotengeneza feyoton, kwa nini wasioshe bilauri siku nyingine. Hapo nikajua nimechoka sana.

Jumamosi saa nane mchana nilikwenda kwenye meza yake. Alikuwa anamimina mawese kutoka kwenye bidoni kubwa kuingiza kwenye chupa. Malori mawili yalipita, nikayashukuru kwa sababu yalinichelewesha.

"Mama, ule mama wa televizio hakumwaga kikombe."

"Nilimuona."

"Alikuwa anaosha vyombo. Alimwambia bwana wake alale pale."

Hakuacha kumimina. "Na siku alimufungia inje?"

"Hakumufungia. Betri ilikufa."

"Na miaka yake kumi? Kwamba amurudishie?"

"Ni mimi nilisema."

Alijaza chupa, akaifunga, akaifuta kwa kitambaa, akachukua nyingine. Nilitamani anitukane, nipate mahali pa kushika.

"Kwa hiyo anamusamehe."

"Kila siku, Mama. Hata mimi sijue anapata wapi nguvu."

"Anapata kwa ile gari," akasema. "Muntu mwenye gari anaweza kusamehe." Kisha akaniangalia kwa mara ya kwanza. "Wewe ulijua kikombe ni nini?"

"Hapana. Papa mudogo njo aliniambia Alhamisi."

"Alhamisi. Leo ni Posho." Posho ni Jumamosi. Alihesabu siku kwa kidole chenye mafuta. "Ulikuwa unafanya nini, lisansie?"

"Nilikuwa nafikiri."

Alicheka kidogo, kwa pua. Nikamuuliza atafanya nini kesho, na mara moja nikajuta kwa sababu halikuwa swali langu.

"Sitakunywa," akasema. "Na sitamwaga. Nitakiweka juu ya meza wakiangalie. Mwenyewe akuje, hapana wazee. Akuje aniambie hapa mbele ya watoto wale miaka mbili alikuwa wapi. Ile ya kurudisha miaka ilikuwa maneno muzuri, nitaikamata." Akafunga chupa nyingine. "Lakini niliapa mbele ya benchi yote kwamba nitamwaga. Kesho watakuja kuchungulia kama kwa sinema. Watasema nimeogopa. Wewe njo ulinitia mule, wewe njo utanitoa. Leo, mbele yao."

Nilikuwa na hoja kadhaa. Kwamba nitafukuzwa kazi, kwamba ukweli unaweza kusubiri Jumatatu, kwamba mbele ya watu nina shida ya sauti. Niliziangalia zote nikitembea kurudi dukani, na kwa bahati njia ni fupi.

Saa kumi na moja mabenchi yalikuwa yamejaa. Mama wa mawese alikaa la mbele. Muziki wa mwanzo ulipoanza, nilimwomba Papa mudogo apunguze sauti. Alidhani nina tangazo la sabuni.

"Wamama, kabla hatujaanza. Tangu ile siku ya mawingu nilikuwa nawadanganya. Ule mama hajamufukuza bwana wake hata siku moja. Jumatano hakumwaga kikombe, alikuwa anaosha bilauri. Mama hapa alisema atafanya kama yeye. Aliamini mudomo yangu, na mudomo yangu ilikuwa ya bongo, ya uongo mutupu."

Mama wa benchi la nyuma alisema, "Sanduku la nguo, eeh?"

"Hakuna sanduku, Mama."

"Nilijua."

Kelele zilizofuata zilinikumbusha kwamba distinksyo si ulinzi. Mmoja alisema miezi minne yake irudishwe, na wengine wakaona ni dai la haki. Papa mudogo alishika kichwa. Mama wa mawese hakugeuka nyuma, alisema tu, kwa sauti ya mtu anayeuza, "Mumesikia. Ile neno ya kikombe, ilikuwa yake. Ya kesho ni yangu. Sasa munyamaze, nataka kuangalia."

Wakanyamaza. Papa mudogo akaongeza sauti. Ukutani mume aliingia, akaketi upande wa kushoto wa kochi, akawa wa manjano. Akaomba msamaha. Mke akamtazama muda mrefu, kwa macho mazuri kabisa ambayo yangefaa maneno yangu yoyote. Nilikuwa nayo matatu tayari mdomoni, moja bora kuliko jingine. Kisha akasema kwa Kifaransa kwamba supu imepoa.

"Anasema supu imepoa," nikatafsiri, "ataipasha moto."

Sandali moja ilipita karibu na sikio langu. Nikaiokota, nikaiweka chini vizuri, nikatafsiri sentensi iliyofuata.