Kenge wa Bibi, Konokono wa Dada

Juzi nilipita Makuyuni nikakuta watoto wanamrushia kenge mawe. Nikajikuta nawafokea mpaka sauti ikanikauka, nao wakabaki wananishangaa. Wangejuaje?

Kenge wetu alikuwa zee kubwa, mrefu kuliko mchi wa bibi. Alikaa korongoni nyuma ya nyumba, kabla hatujahamia kijiji cha ujamaa. Bibi akisonga ugali wa muhogo, mimi nalinda mayai. Nikisikia majani makavu yanachakacha nagonga debe kwa nguvu zangu zote, naye anaondoka taratibu, ulimi nje, kama mwenye mali. Bibi aliapa kwamba akikung'ata haachii mpaka radi ipige. Na nikikaidi, alinisema: "Kenge wee, husikii mpaka utoke damu masikioni!"

Dada yangu aliolewa Tanga mjini. Kwetu msafiri huagizwa zawadi, basi pale stesheni ya Korogwe nikamng'ang'ania: "Dada, niletee konokono wa bahari, kama lile gamba la mezani kwa mwalimu."

Hakusahau. Siku moja bahari ilipokupwa alishuka na wanawake wenzake kuokota chaza, akamwona konokono mmoja mwenye madoa, mzuri ajabu. Akafanya kama tufanyavyo sisi tukichuma mchicha: akamfunga kwenye pindo la kanga, akachomeka kiunoni. Konokono alikuwa hai. Nani kwetu alijua konokono ana sumu? Wa shambani tulikuwa tukiwachezea viganjani. Shemeji alitueleza kwamba dada alihisi kama mwiba umemchoma, akacheka, akaendelea kuokota. Alasiri ulimi ukawa mzito, pumzi zikamwishia. Jua lilizama ameshafariki.

Shemeji alileta nguo zake, na lile gamba limeoshwa. "Alisema ni la mdogo wake."

Nilishindwa kunyoosha mkono. Bibi ndiye aliyelipokea. Halikuzidi yai la kuku. Aliligeuza kiganjani, akasema, "Kenge na ukubwa wake wote hajatuulia mtu. Haka kadudu hakakubisha hata hodi."

Hakuna aliyenilaumu, hata bibi. Wangenilaumu, pengine ningelia yakaisha.

Sasa bibi hayupo, korongo limelimwa mahindi, na kenge wetu sijui aliishia wapi. Kishindo chake nakikumbuka kwa mapenzi, niamini. Gamba ninalo bado, chini ya sanduku. Wanangu wakisafiri huniuliza, "Mama, tukuletee nini?"

Nawajibu, "Rudini."